Silabi Moja

Eustolia alitujia mwezi wa nane, mahindi yakiwa juani,
kutoka milima ya Puebla, kule Meksiko,
kuangalia ugonjwa unaokausha mashamba yetu.
Maseno nzima hakupata chumba ila kwetu,
kile cha Ogweno,
ambacho mama hukifagia kila Jumamosi.

Jioni tulipukuchua, gunia katikati.
Nikamwambia: nifundishe kukataa kwa Kinahuatli.
Salamu nitazisahau,
lakini kukataa mtu hukuhitaji kila siku.

Akacheka.
Amo, akasema, ni hapana.
Atle, hakuna kitu; akanipa gunzi tupu nilishike.
Ayak, hakuna mtu.
Aik, kamwe; hilo alilitamka upesi
kama anayetema ganda la muwa.

Nami nikamlipa kwa yangu.
Hayupo, hayuko, hayumo:
Mswahili hakubali mtu akosekane tu,
sharti useme amekosekana mahali gani.
Na kwa Kijaluo, nikamwambia, ok ni si.
Mkono wake ukasimama juu ya punje.
Kwetu, akasema, ok ni bado, ni kingalipo.
Tukatazamana.
Neno moja: huku limezima taa,
kule limeiacha ikiwaka.

Kisha akasema ayamo.
Masikio yangu yakasikia yamo,
yamo humu, nikainamia debe kuyatafuta.
La, akasema. Ayamo ni jambo ambalo halijawa.
Mama, aliyekuwa kimya tangu magharibi,
akajibu bila kuinua kichwa:
Pok.

Huyo Ogweno ni kaka yangu.
Alikuwa Nakuru, Januari ile ya moshi,
fundi wa viatu nyuma ya stendi.
Simu yake iliita siku mbili.

Juni iliyopita naibu wa chifu alileta fomu.
Miaka imetosha, alisema, sheria inaruhusu,
mtie kidole hapa tugawe shamba.
Sema tu, mama: hakurudi.
Hajarudi, mama akasema.
Hakurudi, mama.
Hajarudi.
Wakapigania silabi moja
mpaka chai ikafanya utando.

Nakiri: nilikuwa upande wa naibu.
Nilikitaka kipande cha chini, penye kijito,
nilishakipanda miti ya parachichi kichwani.
Nilimwambia mama, nyumba nzima inasikia,
hiyo ja yako inatufunga sote mlangoni.
Hakunijibu.
Akaenda kumwaga ile chai kwenye mgomba.

Usiku wa mwisho wa Eustolia
nilimuuliza: na mkichoka kungoja, mnasemaje?
Aokmo, akasema. Si tena.
Akalichora mavumbini kwa ukucha,
akalikata vipande vitatu, a, ok, mo,
halafu akakigonga kile cha kati.
Bado imo, akasema.
Wameizingira kwa hapana huku na huku,
lakini hawakuweza kuitoa.

Nililala vibaya.
Nikaigeuza hajarudi kinywani kama punje ngumu,
nikaona kitu ambacho nimekisema tangu utotoni
bila kukiona:
ndani ya kukana kwetu mna ja,
na ja ni kuja.

Fomu haijatiwa kidole.
Mgongoni mwake mama amehesabu madebe,
vijiti vinne na cha tano kikilala juu yao,
kumi na saba ya kuuza Luanda,
matatu ya mbegu.
Sijaacha kulitamani lile shamba la chini,
asinidhanie mtu nimekuwa malaika.

Lakini Jumamosi alipofungua chumba
(Eustolia ameacha harufu ya kahawa na soksi moja)
akasema, kama asemavyo, kwa ukuta:
hajarudi.
Sikumsahihisha.
Nikashika kizoleo,
naye akafagia kuelekea kwangu.